Wasomaji Wauliza: Figo Zimeshindwa, Moyo Nao?

Barua za safari hii ni nyingi, na karibu zote zinauliza jambo ambalo kule kitengoni, tunakosafishwa damu kwa mashine, hatupati nafasi ya kuliuliza. Pale tunaulizwa uzito, presha, tumekunywa kiasi gani tangu juzi, mshipa unaendeleaje. Ni nadra mtu kuulizwa moyo wake unaendeleaje. Ninayejibu ni mgonjwa kama nyinyi. Nilikuwa mwalimu wa hesabu mpaka presha ilipoziharibu figo zangu, na tangu hapo nasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Udaktari sina. Ninayoyasema kuhusu tiba nimewauliza wanaoyajua na nimeyapitia, ila dawa na vipimo vyako wewe ni vya kuzungumza na daktari wako. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 31, nimeanza kusafishwa damu hivi karibuni. Naichukia mashine. Nikiuona tu mlango wa kitengo tumbo linakaza. Nikilalamika nyumbani naambiwa, "Mshukuru Mungu, wangapi wamekufa bila kuipata hiyo mashine." Siku ambazo siendi nalala tu, sitaki simu wala wageni. Najiona mtu mbaya. Je, nitazoea? – Asiye na Shukrani*

Marahaba mwanangu. Hilo jina ulilotia sahihi nalikataa, na nakuomba usilitumie tena hata ukiwa peke yako.

Mtu anaweza kuushukuru uhai na saa hiyo hiyo akakichukia kinachomweka hai. Nimekaa na wagonjwa wacha Mungu kwelikweli, wanaoingia na rozari au tasbihi mkononi, na wao pia zipo asubuhi wanazotamani gari liharibike njiani. Mtu akifiwa huachwa alie. Wewe umefiwa na vitu vingi kwa mpigo: kazi uliyoifanya kwa saa zako mwenyewe, kunywa maji bila kupima, kula bila kuwaza, kusafiri bila kuuliza huko niendako kuna mashine au hakuna, na mwili ulioujua. Halafu kabla hujakaa chini ukalia, unaambiwa ushukuru.

Hao wanaokukumbusha waliokufa bila mashine wanasema jambo la kweli mahali pasipo pake. Willem Kolff alitengeneza mashine ya aina hii huko Uholanzi mwaka 1943, katikati ya vita, na wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki. Ilikuwa mwaka 1945 ndipo mama mmoja wa miaka 67 alipozinduka kutoka usingizi wa sumu ya figo. Mwaka 1960 huko Seattle, Marekani, Belding Scribner akapata njia ya kumsafisha mgonjwa yule yule wiki baada ya wiki, na mgonjwa wake wa kwanza, Clyde Shields, akaishi miaka 11 zaidi. Mashine zilikuwa chache mno hata ikaundwa kamati ya raia wa kawaida kuamua nani apewe nafasi. Kwa hiyo ni neema, sibishi. Lakini miaka ile ile ya mwanzo madaktari wa akili walikuwa tayari wakiandika juu ya huzuni na hofu walizoziona kwa hao waliobahatika. Huzuni yako ina umri mkubwa kuliko wewe.

Sasa tuje kwenye tumbo linalokaza. Jitahidi kujua ni kitu gani hasa kinachokuogopesha, kwa sababu kila kimoja kina dawa yake. Kama ni sindano, zipo krimu na sindano ndogo za ganzi, uliza. Kama ni katheta, yaani mrija wa shingoni, na macho ya watu, uliza utapata lini fistula ya mkononi, yaani mshipa wa vena ulioungwa na ateri ili ukue na kuhimili sindano. Mimi kilichonitisha ni mirija. Kuiona damu yangu ikitoka, ikizunguka kwenye pampu, ikipita kwenye kichujio kile cheupe na kurudi, nilihisi kama naibiwa mchana kweupe. Muuguzi mmoja hakuniambia "usiogope". Aliniambia niushike mrija. Ulikuwa wa vuguvugu. Akanieleza kwamba kwa mtu mzima damu iliyo nje ya mwili wakati wowote huwa kama robo lita tu, na kwamba ndani ya kile kichujio kuna maelfu ya vijirija vyembamba kama nywele, damu inapita ndani yake na maji ya dawa yanapita nje, sumu zinahamia upande wa pili. Tangu siku hiyo najua ninakitazama nini, na hofu ikapungua. Muombe muuguzi akueleze kila kengele inapolia ina maana gani. Nyingi ni za mkono uliokunjwa.

Lakini kuna sehemu ya barua yako iliyonikaza zaidi: kulala mchana kutwa, kukimbia simu, kukimbia wageni. Hiyo yaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kubwa. Kwa wanaosafishwa damu, wakihojiwa vizuri na mtaalamu, kama mmoja kati ya watano hukutwa nayo. Tatizo ni kwamba sonona na figo huvaa nguo moja: uchovu, kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula, kutoweza kukaza akili. Daktari akiona uchovu anafikiri ni figo, wewe ukiona uchovu unafikiri ni uvivu, na hakuna anayeitibu. Kwa hiyo sema waziwazi, kwa maneno haya haya: "Siku ninazokaa nyumbani nalala tu, sifurahii kitu, sitaki watu." Aangalie wingi wa damu, kwa sababu figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuambia uboho utengeneze damu, na zikishindwa upungufu wa damu hukufanya ujione umevunjika moyo kumbe umeishiwa nguvu. Aangalie kama unasafishwa vya kutosha. Kisha akupeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili. Tiba ya mazungumzo imeshafanyiwa wagonjwa wakiwa kwenye kiti chenyewe cha kusafishia damu, na ilisaidia. Dawa za sonona pia zipo, ila kwa mtu wa figo lazima zichaguliwe na kupimwa na anayejua hali yako. Na ikiwa kuna saa unawaza kwamba afadhali usiamke, au unawaza kujidhuru, usisubiri zamu ijayo. Mwambie mtu leo hii, na uende hospitali leo hii.

Utazoea? Wengi hutulia baada ya miezi ya kwanza, na miezi hiyo ndiyo migumu kuliko yote. Kutulia hakumaanishi utaipenda. Mimi siipendi mpaka sasa, ila naingia, nafungua mkono, nalala. Na usifikiri njia ni hiyo moja. Uliza kuhusu usafishaji wa tumboni, ambao mtu hujifanyia nyumbani kwa mifuko ya maji ya dawa, kwa kawaida mara nne kwa siku, au kwa mashine ndogo usiku akiwa amelala. Haumfai kila mtu. Lakini kujua kwamba kuna la kuchagua kunampa mtu pumzi.

*Mwalimu, kiu itaniua kabla ya figo. Naota maji. Naona aibu kwamba mtu mzima mimi nawaza glasi ya maji kutwa nzima. Kwa siku nimeruhusiwa nusu lita ya maji, na juu yake kiasi sawa na mkojo ninaotoa. – Mwenye Kiu*

Ndugu yangu, hakuna aibu hapo. Mwenye kiu huwaza maji, na ubongo wako unafanya kazi yake ipasavyo. Wala usiamini kwamba wenzako wameishinda kwa ujasiri.

Kiu yetu sehemu kubwa inatoka kwenye chumvi, na hapo ndipo pa kupigana nayo. Ukila chumvi, mwili utadai maji mpaka upewe, na hakuna nia njema inayoweza kushindana na hilo. Kikomo cha mtu yeyote ni gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ile iliyojificha kwenye vyakula vya viwandani. Kama una kisukari, sukari ikipanda nayo huleta kiu. Baadhi ya dawa hukausha mdomo, uliza. Tumia kikombe kidogo, nyonya kipande cha barafu taratibu ukikihesabu kama maji, sukutua uteme. Lita moja ni kilo moja kwenye mzani, hilo unalijua. Siku ukizidisha, useme ukweli pale kwenye mzani bila kujikunyata. Na muuguzi anayekugombeza kwa kilo zako mbele ya watu, mwambie kwa heshima kwamba unamsikia vizuri hata akizungumza polepole.

*Mwalimu, mume wangu alikuwa mpole. Sasa siku akitoka kwenye mashine haongeleshwi. Watoto wameshajifunza kunyamaza wakisikia mlango. Chumbani ni miezi mingi hakuna kitu, na nikigusia ananigeukia ukutani. Nikimuuliza ananijibu, "Wewe hujui." Nimechoka, na nikichoka najihukumu kwa sababu mgonjwa ni yeye, si mimi. – Mke*

Dada yangu, nakujibu nikiwa upande wa pili wa huo mlango, kwa hiyo acha nikueleze mtu anatoka vipi kule.

Figo nzima hufanya kazi usiku na mchana bila kupumzika. Sisi maji na sumu za siku mbili hutolewa kwa saa nne. Ikiwa ameingia na kilo tatu za ziada, zote zinavutwa humo humo. Presha inashuka, misuli ya miguu inakaza mpaka mtu anauma meno, kichwa kinagonga. Anaposimama, sakafu haijatulia. Wapo wanaopata nafuu baada ya saa chache, na wapo ambao mpaka walale waamke. Saa hizo mtu hana maneno. Sauti ya kijiko kwenye sahani inaumiza. Simtetei, kuumwa hakumpi mtu ruhusa ya kuwatisha watoto, na hilo aambiwe. Lakini lisemwe asubuhi ya siku asiyosafishwa, akiwa amelala na kula, na wala lisisemwe pale mlangoni.

Kabla ya hapo mwende wote kitengoni mkaulize maswali mawili. La kwanza, uzito wake mkavu, yaani ule anaopaswa kufikia maji yakishatoka, umepangwa upya lini? Kama amenenepa kidogo au kukonda na hesabu ni ya zamani, wanamvuta kupita kiasi au hawamvuti vya kutosha, na vyote viwili vinachosha. La pili, maji yanavutwa kwa kasi gani? Kasi inayozidi mililita 13 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa saa imehusishwa na madhara kwa moyo, na ndiyo inayowaacha wengi hoi. Kuongeza muda wa kukaa kwenye mashine kunaweza kuipunguza. Najua, hakuna mgonjwa anayetaka kusikia habari ya kuongezewa nusu saa. Ila ukimwonyesha kwamba nusu saa ile inamrudishia jioni yake nzima, atafikiri.

Habari ya chumbani naitaka tuiseme bila kuzungukazunguka, kwa sababu ndoa nyingi za wagonjwa wa figo zinavunjikia hapo kimyakimya. Kupungua kwa nguvu na hamu ni jambo la kawaida sana kwa wanaume na wanawake wenye figo zilizoshindwa. Homoni zimevurugika, damu ni kidogo, mishipa imeharibiwa na kisukari au presha, baadhi ya dawa za presha zinachangia, na huzuni inamalizia. Anapokugeukia ukuta, yawezekana sana hajaacha kukupenda. Anakwepa kushindwa mbele yako. Mengi ya hayo yana tiba, na daktari ameshayasikia mara nyingi, hatashtuka. Asinunue vidonge vya nguvu za kiume kwa siri. Mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akivichanganya na vidonge hivyo presha inaweza kuanguka ghafla akafa. Wakati mnasubiri tiba, lalaneni mkono kwa mkono bila kudaiana kitu. Wote wawili mtapumzika.

Watoto waambieni ukweli kwa kimo chao. Mtoto anayenyamazishwa bila maelezo huamini amekosa. "Baba akitoka hospitali mwili unamuuma, akilala ataamka vizuri, nyinyi hamjafanya kosa." Inatosha.

Na wewe. Kuchoka kwako ni kwa kweli, na hakumnyang'anyi yeye chochote. Walezi wa wagonjwa wa figo nao hupata sonona, hulala vibaya, huacha kujipima presha zao wenyewe. Chagua zamu moja ya wiki ambayo ndugu mwingine atampeleka na kumrudisha, na siku hiyo usiitumie kufua. Nakuandikia hili nikimfikiria mke wangu, ambaye kwa muda mrefu hakuna aliyemuuliza hali yake kwa sababu wote walikuwa wakiuliza yangu.

*Mwalimu, mzee aliyekuwa akikaa kiti cha pembeni yangu alinifundisha kila kitu, mpaka namna ya kulala na mkono. Jumatatu nimekuta mtu mwingine kwenye kiti chake. Nikaambiwa amebadilishiwa zamu. Nikaja kusikia kwa dereva kwamba amefariki tangu Jumapili. Nimelia kuliko nilivyolia kwa baadhi ya ndugu zangu. Nani anayefuata? – Wa Kiti cha Dirishani*

Pole sana, mdogo wangu. Pole kwa kufiwa, maana umefiwa. Mtu mliyekaa bega kwa bega saa nne mara tatu kila wiki, akakuona ukitapika, ukakiona kidonda chake, huyo ni ndugu wa aina ambayo watu wa nje hawana jina lake. Hata ruhusa kazini hupewi. Nenda kawape pole jamaa zake. Waambie alikufundisha kulala na mkono. Hawajui kwamba alikuwa mwalimu, na watafurahi kulisikia.

Hilo la kudanganywa kuhusu zamu najua linatoka kwa huruma, lakini linaumiza mara mbili. Kitengoni kwetu tuliomba tuambiwe. Sasa muuguzi wa zamu hupita kiti kwa kiti kabla hajaanza kufunga mirija, anainama, anakwambia kwa sauti ya chini, anakuacha unyamaze kidogo, kisha anaendelea na sindano. Hakuna aliyeanguka kwa kuambiwa ukweli. Nanyi ombeni, mkiwa wawili watatu, kwa heshima.

Nani anayefuata, sijui, na mzee naye hakujua. Ninachokijua ni hiki. Kinachowaua wengi wetu ni moyo, na siku zenye hatari zaidi ni zile za mwisho wa pengo refu la wiki, pale mtu anapokaa siku mbili nzima bila kusafishwa. Maji na potasiamu vinajilimbikiza, na moyo ndio unaobeba. Hofu yako ipe kazi hapo. Usiruke zamu, hasa ile ya baada ya pengo. Siku hizo mbili uwe mkali zaidi kwa chumvi, maji na vyakula vyenye potasiamu nyingi. Ukisikia moyo unaruka mapigo, miguu imeishiwa nguvu ghafla, au huwezi kulala chali kwa kukosa pumzi, usingoje Jumatatu ifike. Umri wake, moyo wake na maradhi yake yalikuwa yake. Yako hayasomeki kwenye kiti chake.

*Mwalimu, mwanangu wa miaka 26 anataka kunipa figo yake. Nimekataa, tumegombana, sasa hatusemeshani. Nilimzaa nimpe, sikumzaa nimchukulie. Nikimwangalia naona kovu ambalo bado hajalipata. – Mama*

Mama yangu, nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko nyingine zote. Kukataa kwako ni upendo, na kujitolea kwake ni upendo, ndiyo maana ugomvi wenu mkali.

Nikueleze kwanza ya upande wake. Figo ya kwanza iliyopandikizwa na ikafanya kazi kwa muda mrefu ilitoka kwa ndugu aliye hai. Ilikuwa Boston, Marekani, Desemba 23, 1954. Ronald Herrick alimpa pacha wake Richard figo moja, na mpasuaji Joseph Murray baadaye alipata Tuzo ya Nobel, mwaka 1990. Richard aliongezewa miaka minane, akaoa, akapata watoto. Ronald, aliyetoa, aliishi na figo moja mpaka mwaka 2010. Figo inayobaki hukua kidogo na kubeba sehemu kubwa ya kazi ya mwenzake. Hata hivyo sitakudanganya kwamba mtoaji hapotezi kitu. Upasuaji ni upasuaji, na uwezekano wa mtoaji mwenyewe kuja kupata figo kushindwa huongezeka kwa kiasi kidogo. Kwa kijana ambaye mzazi wake ameharibiwa figo na kisukari au presha, au na ugonjwa wa kurithi, uchunguzi lazima uwe mkali zaidi, na madaktari wana haki ya kumwambia hapana.

Ndiyo sababu nasema, mwache apimwe. Nadhani umekosea kumkatalia hata kupimwa, maana umemnyima nafasi ya kusikia ukweli kutoka kwa wanaojua. Anayepimwa kama mtoaji huwa na mshauri wake, tofauti na madaktari wako. Anaweza kubadili nia siku yoyote mpaka anapolazwa, na siri yake ikatunzwa. Akibadili nia, wewe utaambiwa tu kwamba hafai kutoa. Hakuna anayemsukuma. Baada ya majibu kutoka, neno la kupokea au kutopokea bado ni lako, na hapo ukikataa utakuwa umekataa kitu unachokijua.

Kuna jambo lingine linalosemwa mara chache. Waliopandikizwa wengi hurudi na furaha na uzito kwa pamoja. Wanaogopa kila homa, wanahesabu dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, wanamwangalia aliyewapa na kuona deni. Figo kutoka kwa mtu aliye hai mara nyingi hudumu miaka 15 hadi 20, si milele. Ikishindwa, wengine hujiona wamemtupia mwenzao zawadi yake. Yazungumzeni haya sasa, kabla ya kisu: kwamba akitoa, ametoa, haitakuwa fimbo ya kumchapia mtu siku mkikorofishana, na ikishindwa hakuna atakayeulizwa. Muanze na kusalimiana. Wewe mkubwa ndiwe uanze.

*Mwalimu, baba yetu ana miaka 78. Kisukari kimekula mguu mmoja, macho hayaoni vizuri, moyo nao dhaifu. Anasema, "Nimechoka, msinipeleke tena." Kaka zangu wanasema huko ni kujiua na sisi tutakuwa wauaji. Mimi nikimbeba kumwingiza kwenye gari analia. – Binti yake*

Binti yangu, Mungu akutie nguvu. Swali hili huulizwa kwa kunong'ona tu, na wewe umeliandika. Ahsante.

Muulizeni kwanza amechoka na nini. Mnaweza kushangaa. Kuna mzee mmoja aliyekuwa akisema hivyo hivyo, ikaja kugundulika kilichomshinda ni mwasho wa ngozi uliomkesha usiku kucha. Alipotibiwa, akaendelea. Mwingine amechoka na maumivu ya misuli, na kubebwa, na kuona watoto wake wanauza vitu kwa ajili yake, na baridi ya chumba. Wapo ambao ni sonona inayozungumza, nayo hutibiwa hata kwa mzee wa miaka 78. Yote haya yaangaliwe kabla ya kuzungumza habari ya kuacha. Wapo pia ambao madaktari huwapunguzia saa au zamu, wakijua kabisa kwamba lengo limekuwa kumpunguzia mtu mateso badala ya kufukuza vipimo.

Lakini ikiwa yote yameangaliwa, akili yake ni timamu, na bado anasema hapana, basi msikilizeni. Kitabibu, kukataa matibabu ambayo mzigo wake umeshinda faida hakuhesabiwi sawa na kujiua. Kinachoondoa uhai ni ugonjwa, na mgonjwa ana haki ya kusema imetosha. Wazee wengi dhaifu wenye moyo mbovu hawapati mengi kwenye mashine, na wapo wanaochagua tangu mwanzo kutunzwa bila mashine. Ya dini, kaka zako wamwalike kiongozi wenu wa dini aje akae na baba, na wamsikilize wakiwa mbele ya baba mwenyewe.

Mjue pia kinachofuata, ili msiahidiane msichokijua. Kwa mtu asiyetoa mkojo tena, baada ya kuacha mashine mara nyingi ni siku chache hadi wiki mbili hivi. Anazidi kusinzia, hamu ya chakula inakwisha, usingizi unakuwa mrefu. Kukosa pumzi, mwasho, kichefuchefu na maumivu vinaweza kutulizwa, na watu wa kazi hiyo ni wa tiba shufaa. Waiteni mapema, kabla ya siku ya mwisho ya mashine, wasiitwe usiku wa taharuki. Na akiacha leo akajutia kesho, aseme. Daktari ataangalia kama bado inawezekana kumrudisha.

Ombeni kikao na daktari wa figo wiki hii, kaka zako wote wawepo, hata kwa simu. Muulize daktari mambo haya mkisikia wote: baba akiendelea, tutegemee miezi ijayo iweje? Akiacha, nani atakuja nyumbani, na dawa gani ziwe tayari? Ikiwa anataka kujaribu kwa muda mfupi kisha aamue, inawezekana? Kabla ya kikao, mkae naye siku asiyosafishwa, asubuhi, mumuulize anataka nani awe chumbani wakati wa mazungumzo hayo na nani asiwepo. Akisema hataki mtu fulani, hata kama ni kaka mkubwa, mumtii.